Wekeni Picha ya Dada Yetu

Kwa muda mrefu watu wa Tabora walinijua bila kuniona, na mambo yalikuwa mazuri hivyo. Nilikuwa nasoma taarifa ya habari ya asubuhi kwenye redio moja ndogo ya mjini, na kwa kuwa redio haina sura, kila msikilizaji alinitengenezea ya kwake. Wengi walinitengenezea sura ya dada mnene kiasi, mweusi wa kung'aa, mtoto wa Uyui aliyesomeshwa na masista. Hakuna aliyewaza kwamba mimi ni Mwarabu, tena siyo Mwarabu wa Tabora ambaye babu wa babu yake kazikwa hapa hapa, bali Mwarabu wa kuja, wa Yemen, niliyeshuka kwenye treni nikiwa sijui hata kuomba maji ya kunywa.

Nilikuja kwa mama yangu mdogo aliyeolewa huku zamani. Kwetu nilikuwa mwandishi wa gazeti. Vita vikalifunga gazeti, halafu vikaanza kufunga mambo mengine, nikaona niondoke kabla havijanifikia mimi. Mume wa mama mdogo, ambaye tangu siku ya kwanza namwita baba mdogo, ana duka la vitambaa karibu na soko. Nilijua naenda kumkuta Mwarabu mwenzangu, kwa hiyo njia nzima nilimwandalia salamu ndefu, za heshima, za Kiarabu safi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akitikisa kichwa, kisha akamgeukia mkewe.

"Anasemaje?"

Baba mdogo ni Mwarabu kwa ukoo, kwa pua na kwa kanzu ya Ijumaa. Kiarabu chake chote kimo ndani ya sala. Akifurahi anazungumza Kiswahili, akikasirika anahamia kwenye Kinyamwezi. Hivyo ikanibidi nijifunze Kiswahili ili niweze kuongea na Waarabu.

Mwalimu wangu alikuwa fundi cherehani wa pale barazani dukani, mama mmoja mtu mzima wa Itetemia, Mkatoliki, anayeshona sare za kwaya na mashuka ya maharusi. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni yake nikimsomea magazeti kwa sauti, yeye akikanyaga cherehani. Kiarabu hakina herufi p, kwa hiyo habari zangu zilijaa bolisi waliokamata bikibiki. Kila nilipokosea alisimamisha cherehani.

"Rudi, mayu," aliniambia. Mayu kwao ni mama, na ndivyo mkubwa anavyomwita hata binti anayempenda.

Nikarudi. P ilipokaa sawa, cherehani ikaendelea. Lakini kuna mambo hakuyasahihisha kwa sababu ndiyo yalikuwa yake. Akikolea maneno, r zake zilikuwa zinahamia upande wa l bila kuaga. Sauti yake ilipanda kilima kidogo mwishoni mwa sentensi, ikasimama juu pale kana kwamba inatazama mandhari, ndipo ikashuka. Mimi nikavichukua vyote. Sikujua kwamba kuna lafudhi. Nilidhani ndicho Kiswahili.

Siku niliyokwenda kwenye usaili wa redio, meneja wa kituo alikuwa ameinamia karatasi zake. Nikasoma habari niliyopewa, ya mbolea ya tumbaku. Nilipomaliza akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwenu Uyui ni kijiji gani?" Kisha akainua kichwa. Alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta jiko. Akanambia nisome tena, na safari hii akaitazama midomo yangu mpaka nikamaliza. Nikapata kazi.

Tukaishi hivyo vizuri miaka kadhaa, mpaka kituo kilipofungua ukurasa mtandaoni.

Mwenzetu mmoja wa kike, ambaye kabla ya hapo alikuwa akisoma matangazo ya vifo, ndiye aliyekabidhiwa mitandao. Alikuwa mchapakazi. Wiki ya kwanza tu alipiga picha watangazaji wote na kuziweka, kila mmoja na kipindi chake. Yangu ilikuwa nzuri. Nilijifunga mtandio wa kijani, nikaangalia pembeni kidogo kama mtu anayefikiria mambo ya taifa. Chini yake aliandika kwamba huyu ndiye dada yenu wa taarifa ya asubuhi.

Komenti ya kwanza ilikuwa fupi: "Mmekosea picha."

Ya pili ilikuwa na adabu: "Tafadhali wekeni picha ya dada yetu, siyo ya mke wa tajiri."

Halafu wakaja wenye lugha za Dar es Salaam: "Acheni kamba. Sauti ile ni ya Uyui kabisa, huyu ni wa wapi?" Mmoja akaandika kwamba anamfahamu dada wa asubuhi uso kwa uso, amewahi kumwona kwenye harusi Kitete, ana mwanya. Mwingine akamjibu kwamba hapana, hana mwanya, ila ana kovu dogo shavuni, na hao wawili wakagombana mpaka adhuhuri kuhusu uso wangu ambao si uso wangu.

Nilikuwa nasoma yote hayo kwenye simu nikiwa studio. Mwanzoni nilicheka. Kisha, kama mwandishi, nikaanza kuona jambo lililonisumbua. Katika gazeti letu la kwetu tulifundishwa kwamba mwongo ni mtu asiye na ushahidi. Hawa walikuwa nao. Walikuwa na masikio yao, waliyoyatumia kila asubuhi kwa miaka. Picha waliiona siku hiyo hiyo, tena kwenye simu ambayo jana yake iliwaonyesha ng'ombe mwenye vichwa viwili. Mimi mwenyewe ningekuwa wao ningeamini masikio.

Lakini habari haikai palepale. Kufika mchana nilikuwa nimefukuzwa kazi. Alasiri ilijulikana sababu: kituo kimenunuliwa na Mwarabu, naye amemweka binti yake. Mtu mmoja akaandika, "Waarabu wamerudi Tabora, safari hii wamekuja kuchukua maneno," na komenti hiyo ikapendwa kuliko zote. Kesho yake wakaja wataalamu wakaeleza kwamba sauti tunayoisikia ni ya kompyuta, dada halisi alirekodiwa zamani, na ndiyo maana hakohoi.

Siku iliyofuata nilikohoa hewani kwa makusudi. Wakasema kikohozi kimerekodiwa.

Meneja, aliyekuwa amefurahia idadi ya watu waliotembelea ukurasa, akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akaagiza nisome kanusho. Mimi nikamwambia kwamba kanuni ya kazi ni kwamba msomaji wa habari hawi habari. Akanijibu kwamba kanuni ni nzuri ila simu zinapigwa mpaka nyumbani kwake. Nikasoma: kituo hakijauzwa, na msomaji wa taarifa hii ni yule yule mnayemjua siku zote.

Kwa sauti ipi? Kwa ile ile. Watu wakasikitika zaidi. "Mnaona," wakaandika, "wamemlazimisha akanushe mwenyewe kabla hawajamfukuza."

Wengine walifika hadi barazani kumuuliza fundi wangu, maana ilishajulikana kwamba anamfahamu dada wa asubuhi. Alikuwa anapachika kola, sindano mdomoni. "Huyo ni wangu," akawajibu, akaendelea na kola. Jioni ile ile mtandao ukatangaza kwamba mama mzazi wa mtangazaji aliyefukuzwa amepatikana Itetemia, analia, hali chakula. Nilipomsomea, akasimamisha cherehani.

"Mimi nimekula ugali na mlenda mchana huu," alisema. "Waandikie."

Nikawaandikia. Hawakuamini.

Basi, katikati ya wiki, mchana, mapokezi hakukuwa na mtu kwa kuwa mwenzetu wa mapokezi alikwenda kula, nikakaa kwenye kiti chake na andazi langu. Juu ya ukuta pale kuna spika inayorusha matangazo yetu, na wakati huo ilikuwa ikipiga muziki wa taratibu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja wa makamo, mnene, aliyevaa kitenge kipya, na nyuma yake mzee mrefu mwenye koti, amebeba gunia dogo begani na dumu la asali mkononi. Walikuwa wametoka Igalula. Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wasikilizaji wetu kule, na mzee alikuwa mstaafu wa reli, mwanachama wa siku nyingi.

Mama aliniona, akasimama. Alijua uso wangu kutoka kwenye simu. Mimi nilikuwa na andazi zima mdomoni, sikuweza kusema kitu, nikatikisa kichwa kuwakaribisha.

"Wewe," alisema polepole na kwa sauti kubwa, kama anavyosemeshwa kiziwi au mgeni, huku mikono ikimsaidia. "Sisi. Hatuna. Ugomvi. Na wewe."

Nikatikisa kichwa tena. Andazi lilikuwa kavu.

"Lakini kiti. Siyo. Chako." Akakionyesha kiti, nami kwa kweli sikuwa na haki nacho. "Tumemletea dada yetu michembe na asali. Mwambie baba yako. Amrudishe."

Mzee akamwambia kitu kwa Kinyamwezi, nami nikaelewa vya kutosha: asinibane sana, binti wa watu hajui lugha.

Nikameza. "Shikamooni," nikasema.

Wote wawili waliangalia juu, kwenye spika.

"Karibuni mkae," nikaendelea. "Mimi ndiye ninayesoma habari za asubuhi. Hakuna aliyefukuzwa."

Mzee alilitua gunia. Akaenda chini ya spika, akategea sikio, akasikia gitaa. Akarudi mbele yangu, akainama kidogo kuuangalia mdomo wangu, kama fundi anayekagua bomba linalovuja.

"Sema yale ya mwanzo wa habari," alisema.

Nikasema yale ya mwanzo wa habari. Akageuka akatazama ukuta, akanipa mgongo. "Tena." Nikarudia. "Ndiye," akasema kuuambia ukuta. Akanigeukia, akaniona. "Siye." Akarudi ukutani, akaniomba nisome hali ya hewa. Nikamsomea mvua za Igalula na Urambo. "Ndiye," akasema kwa huzuni kidogo.

Mama mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono magotini, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nikadhani amekasirika.

"Mimi nina kijana wangu," alisema hatimaye, kwa Kiswahili cha kawaida sasa. "Fundi umeme. Nilikuwa nimeshamwambia habari zako."

"Ulimwambiaje, mama?"

"Nilimwambia kuna mtoto mmoja wa kwetu, mtulivu, hana maringo, anapenda kilimo." Akaugusa mtandio wangu kwa vidole viwili. "Sasa hata sijui nikamwambie nini."

Nikamwambia kwamba kilimo nasoma tu kwenye karatasi. Akaguna. Kisha mzee akauliza swali la busara: kama dada hajafukuzwa, michembe ya pole irudi Igalula au ibaki? Mama akamtazama kwa dharau. "Gunia limeshuka kwenye gari," alisema, "halipandi tena." Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, na ukitafuna mmoja huwezi kuacha. Tulitafuna wote watatu. Tulipofika katikati ya mazungumzo niligundua kwamba wakiongea nami wanaangalia pembeni, kwenye kalenda, ili wanisikie vizuri.

Kabla hawajaondoka wakaleta ombi. Wenzao waliobaki Igalula hawatawaamini. Ni lazima niende mwenyewe, nionekane nikisema.

Nikaenda Jumamosi, mimi na meneja na mwenzetu wa mitandao. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja mdogo karibu na stesheni, wengine na baiskeli zao, wengine wamekuja tu kwa sababu wenzao wamekuja. Nikasimama, nikaamkia wazee, nikawasemesha. Bibi mmoja akacheka, kicheko cha mtu aliyetekenywa, na uwanja mzima ukamfuata. Wakanitaka nitaje vijiji vya Uyui. Nikavitaja. Wakanitaka niseme "Tabora" haraka haraka mara nyingi, mpaka ile r ikahama, na hapo wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kukata shauri, "Huyu kammeza Mnyamwezi."

Ndipo mzee wa reli akasimama. Alisema hana ubaya na mtu, ila kwa kuwa siku hiyo wamepata Mwarabu anayesikia lugha, angependa kusema jambo. Babu wa babu yake alibebeshwa pembe kutoka huku mpaka pwani, kwa miguu, katika msafara wa Waarabu, na aliporudi bega moja lilikuwa limeshuka. "Tunaambiwa ndiyo maana ukoo wetu mpaka leo tunatembea upande," alisema, akatembea hatua chache kuonyesha, na ni kweli alikuwa anatembea upande. Watu wakacheka. Yeye alicheka pia, lakini alichelewa kidogo kuanza.

Mimi sikujua uso wangu niuweke wapi. Ningeweza kusema kwamba babu yangu alikuwa fundi viatu na hakuwahi kutoka nje ya mji wake, ambayo ni kweli. Lakini niliona kwamba mzee hakuuliza habari za babu yangu. Alikuwa anasimulia za wake. Nikamwambia, "Nimekusikia, baba." Sikupata zaidi ya hapo, na hata leo sijapata.

Mama mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. "Basi naye abebe," alisema.

Uwanja ukaafiki papo hapo. Likaletwa kapu la viazi vitamu, wakanisokotea ngata ya kitenge, wakaniweka kapu kichwani. Safari ilikuwa kutoka stesheni mpaka nyumbani kwa mwenyekiti, siyo mbali, ingawa shingo yangu ilikuwa na maoni tofauti. Mzee wa reli alitembea mbele mikono mitupu, akijifanya tajiri wa msafara, akigeuka kila mara kuniamuru nisilegee. Wanawake waliimba. Niliyumba, mtandio ukanishukia jicho moja, nikacheka mpaka viazi viwili vikaanguka, mzee akavihesabu kama hasara ya safari. Mwenzetu wa mitandao alirekodi yote kwa simu.

Sikufikiria kumwambia asiiweke. Ningepaswa kufikiria, ni kazi yangu kufikiria.

Jumapili mchana video ilikuwa imevuka mkoa. Mtu aliikata mwanzo na mwisho, akaacha tu mimi na kapu na mzee anayeniamuru, akaandika juu yake, "Historia imegeuka." Walioiona bila maneno yetu ya uwanjani waligawanyika. Wapo waliosema safi kabisa. Wapo waliosema ni aibu kumtesa mgeni, wakadai mzee yule akamatwe, na mzee alinipigia simu kuniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama mtandao una polisi wake au ni hawa hawa. Katika kundi la simu la familia za Kiarabu za mjini, wakubwa walikasirika. Mmoja aliandika kwa Kiswahili kizuri sana, "Mwarabu gani anabeba kapu kichwani?" Baba mdogo, ambaye huwa haandiki humo ila salamu za Idi, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: "Ni wangu. Viazi tumevila." Halafu akaizima simu na kwenda kulala usingizi wa mchana.

Meneja alitaka tuifanye habari ya Jumatatu. Nikakataa, akakasirika, tukaafikiana kwamba nitasoma bei ya mahindi kama kawaida. Nikaisoma. Simu zilizopigwa asubuhi hiyo zilikuwa nyingi, na zote zilisema kitu kimoja: sasa wanaiona sura wakisikia sauti, na inawasumbua kidogo, lakini watazoea. Mama mwenyekiti alituma ujumbe kwamba kijana wake ameiona video na amesema shingo yangu ni imara.

Alasiri mama yangu alipiga simu kutoka kwetu. Huko mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikijua ni yeye naacha kila kitu. Video ilikuwa imemfikia. Binamu zake walikuwa wameitazama wakakubaliana kwamba sauti si yangu, imebandikwa.

"Wanasema kuna mwanamke mwingine anazungumza ndani ya kinywa chako," mama alisema. "Nimewaambia wanyamaze. Lakini mtandio wako ulikuwa umekwenda upande."

"Nilikuwa nimebeba mzigo, mama."

"Nimeona. Mzigo wa nini?"

"Viazi."

Kisha akaniomba niseme kitu kwa lugha hiyo, chochote, maana miaka yote hii alikuwa hajawahi kunisikia. Nikawa nimesimama uani kwa baba mdogo, kamba ya nguo mbele yangu. Nikamsomea habari. Nilimsomea bei ya mahindi, mkutano wa wakulima wa tumbaku, na mvua zinazotarajiwa wilaya ya Uyui. Hakuelewa hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unasikika kama mtu aliyeshiba," alisema.